Fundi wa Dinamo na Waandishi Wasiogusa Waya

Kabla ya kufungua kitabu, Fundi wa Dinamo alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Ndivyo alivyogusa kila kitu asichokijua vizuri: waya, sufuria ya jirani, kitasa cha mlango wa ofisi. Alinieleza kwamba kiganja kikishika waya wenye umeme hufumba chenyewe na mtu hawezi tena kuuachia, lakini mgongo wa mkono ukishtuliwa, mkono hurudi wenyewe kifuani na mtu anabaki hai. Nilimwuliza kitabu kinaweza kumshtua mtu namna gani. Akaniangalia kwa huruma, akasema bado sijasoma vya kutosha. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa mtunza vitabu wa serkle, chama chetu cha wasomi pale Kasongo, enzi za Wabelgiji, na funguo za kabati nilizifunga kiunoni ili zisikike nikitembea, kwa hiyo jibu lile liliniuma siku nzima.

Alizaliwa wapi, ni mwana wa nani, ukoo wake ulitoka upande gani, sitasema, maana sikuuliza. Siku zile nilikuwa nauliza watu vyeti tu. Najua kwamba alijifunza kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, chini ya fundi mmoja Mbelgiji mwenye kikohozi, na kwamba baadaye serikali ilimleta Kasongo kutunza mashine ya umeme. Ilikuwa injini ya mafuta, mkanda mrefu wa ngozi, na dinamo yenyewe, ndani ya kibanda cha mabati. Iliwasha nyumba za Wazungu, ofisi, na balbu moja katika ukumbi wa serkle, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu. Mtaa wetu sisi Waafrika haukuwa na waya hata mmoja. Yeye aliyewasha mji alikula chakula chake kwa taa ya mafuta ya mawese.

Yule Mbelgiji mwenye kikohozi, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia sanduku la riwaya za Kifaransa za karne ya kumi na tisa, nadhani kwa sababu ya uzito wake. Mchwa walikuwa wamekwisha kula majalada na kurasa za mwanzo. Hakuna kitabu kilichobaki na jina, wala jina la aliyekiandika. Mke wa Fundi, mama mmoja mwenye maneno machache na yote ya kweli, alishauri vitumike kuwashia moto. Fundi alivisoma vyote, polepole, kwa Kifaransa alichofundishwa na mapadre, kila siku kuanzia saa nane mchana akisha kusafisha mashine. Kwanza alisugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawa nyeupe, kisha akakaa mlangoni mwa kibanda, koleo likiwa alama yake ya ukurasa. Na kwa kuwa waandishi wake hawakuwa na majina, aliwaita kwa umeme wao. Kulikuwa na Yule wa Chura, na Yule wa Radi, na Yule wa Simu ya Waya. Kulikuwa na mwingine, mwenye vitabu vitatu vinene, aliyemwita Bado, kwa kuwa aliandika kabla habari za umeme hazijamfikia.

Hapo ndipo palipokuwa na wazimu wake. Alikuwa na hakika kwamba umeme uliingia katika vitabu kabla ya kuingia katika nyumba. Huko Ulaya, alisema, mtu mmoja aligusa mguu wa chura aliyekufa kwa vyuma viwili, mguu ukaruka, na waandishi wakaruka juu kuliko chura. Mpaka siku ile mtu wa kitabuni akipenda alichomwa moto, au aliugua, au alipigwa mshale. Baada ya chura, akipenda alipata mshtuko. Macho yakaanza kutoa cheche. Mwanamke aliingia ukumbini na watu wote wakapitiwa na mkondo kutoka kiti hadi kiti. Maiti zikaanza kutazamwa kwa jicho lingine, huenda zinamngojea fundi tu. Wakatokea mabwana wenye sumaku mikononi, waliowalaza watu usingizi na kuwatoa siri za urithi. Halafu ikaja simu ya waya, na waandishi waliozoea kuwachelewesha wapenzi kwa mvua na farasi kilema wakapata taabu kubwa, maana habari sasa ilifika kabla mtu hajavua kofia.

Aliyaeleza haya huku akihesabu kwa vidole, na alipomaliza vidole alianza tena na kile cha kwanza. “Hawa wote,” aliniambia, “hakuna hata mumoja aligusa waya.” Hakulisema kwa dharau. Nadhani lilimfurahisha kwamba watu wakubwa wa namna ile, wenye wino na viti vya kitambaa, walikesha wakiwaza kitu ambacho yeye alikipangusa kila siku kwa tambara.

Pembeni mwa kurasa aliwasahihisha kwa penseli. Palipoandikwa kwamba daktari fulani aliwasha mtungi mmoja wa kuwekea umeme na chumba kizima kikajaa mwanga wa buluu, yeye aliandika: mtungi huu ni mdogo, haumshtui hata kuku. Palipoandikwa kwamba kijana alipitiwa na umeme alipoguswa bega na msichana, aliandika: viatu vyake vilikuwa vya namna gani? Mimi nilikuwa nimeamua kwamba maandishi yale ni uharibifu wa vitabu, na nilimwambia hivyo. Sikuwa nimesoma hata kimoja, lakini nilijua sheria ya kabati.

Neno lake la kila siku lilikuwa waya wa kurudi. Umeme, alisema, hauendi tu. Unakwenda na kurudi, na pasipo na waya wa kurudi hakuna taa itakayowaka, hata uzungushe injini mpaka itoe moshi. Basi kila hadithi aliipima hivyo. Kijana amempenda binti kwa kurasa mia mbili: binti amesema nini? Padre amehubiri saa nzima: nani amejibu? Akikosa jibu aligonga ukurasa kwa penseli na kuuliza waya ya kurudi iko wapi. Siku moja nilimwonyesha barua niliyomwandikia mwalimu mmoja wa kike wa Nyangwe, kurasa nne, yenye maneno matatu ambayo mpaka leo sijui maana yake. Aliisoma yote kwa utulivu. Kisha akaniuliza nimemwuliza yule dada swali gani. Nikaipitia tena barua kuanzia juu mpaka chini. Sikuwa nimemwuliza swali hata moja, si hata habari za mama yake. Niliituma vilevile, kwa kuwa mwandiko ulikuwa umetoka vizuri, na yule dada akaolewa na mwenye mitumbwi.

Mtu huyu aliyecheza na umeme kila jioni aliogopa radi kuliko mtoto. Wingu likiwa jeusi upande wa Lualaba, aliingia ndani, akafunika kioo kwa nguo, akakaa chini kwenye mkeka na miguu ameikunja. Nilimcheka. Akasema umeme wa mashine una mtu anayeujibia, ule wa juu hauna. Kwa sababu hiyo hakumpenda kabisa Yule wa Radi, ambaye kila sura aliwapandisha watu juu ya mlima wakati wa tufani ili waseme mapenzi yao. Mtu mwenye akili, alisema Fundi, angesema mapenzi yake jikoni.

Na Yule wa Chura, Fundi alimcheka kwa sura kumi, mpaka sura ya kumi na moja. Humo daktari, baada ya kushindwa na vyura na mbwa, anajaribu mitungi yake juu ya mkono wa binti yake mwenyewe aliyefariki asubuhi, na kidole kimoja kinatikisika, mara moja tu, basi. Nilikuwapo Fundi alipofika hapo. Alikiweka kitabu chini, akaenda kuangalia mafuta ya injini ambayo alikuwa ameyaangalia muda mfupi uliopita. Pembeni mwa ukurasa ule hakuandika kitu. Baadaye mkewe aliniambia kwamba walizika mtoto kule machimboni, na nilisikitika kwamba nilikuwa nimekaa pale namngoja arudi ili nimsahihishe matamshi.

Sasa inanibidi nijieleze na mimi, ingawa si mimi ninayechorwa hapa. Nilikuwa karani wa pili katika ofisi ya teritwari, yaani wilaya. Nilivaa kravati, yaani tai, hata siku za kwenda kuoga mtoni, nikiivua ukingoni. Nilikuwa na miwani ya vioo vitupu, isiyosaidia macho, niliyoinunua kwa sababu iliongeza umri wa uso. Vitabu vya serkle nilivipanga kwa urefu, vifupi kushoto, virefu kulia, na mtu akitaka kuazima cha katikati nilimshauri achague cha mwisho ili mstari usivunjike. Na nilitaka kitu kimoja tu duniani: cheti kile cha serikali cha kumtambua mtu mweusi kuwa amestaarabika. Ili ukipate, mabwana walikuja kutazama nyumba yako, sahani zako, choo chako, na walikusikiliza ukisema. Mwombaji aliyekuwa memba wa serkle alitakiwa kutoa mazungumzo ya saa moja mbele ya watu, kwa Kifaransa, juu ya jambo zito.

Fundi hakuweza kuwa memba. Sheria zetu, ambazo mimi mwenyewe nilizipiga chapa, zilisema memba awe karani, mwalimu au muuguzi. Watu wenye mafuta mikononi waliingia ukumbini kwa ajili ya balbu tu.

Alasiri moja alikuja kwangu amevaa shati safi lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Alileta barua na daftari lililokwisha kujaa, akaniachia vyote. Barua iliiomba kamati ya serkle imruhusu aseme mbele ya wasomi juu ya umeme katika vitabu vya karne ya kumi na tisa. Daftari lilikuwa ushahidi kwamba ana la kusema, maana humo aliandika kila siku, kwa miaka, yale aliyoyaona. Nilimwambia kamati ni watu wazito, sijui kama watakubali. Kamati tulikuwa watatu na mimi ndiye niliyekuwa katibu.

“Karani,” akasema, “sitaki kuwa memba. Ninataka saa moja tu. Niseme, watu wasikie, kisha mimi iko nakwenda kuwasha mashini.”

Niliahidi. Barua niliitia katika droo, na nia yangu ilikuwa kuitoa Jumamosi, siku ya kamati. Kabla ya Jumamosi tukapata habari kwamba bwana mkubwa mmoja anakuja kutoka Bukavu, na kwamba atasikiliza mazungumzo ya mwombaji mmoja wa cheti, yaani mimi. Nilikuwa nimetangaza kwamba nitazungumza juu ya Maendeleo. Nilikaa mbele ya karatasi siku tatu. Nilipoandika kwamba maendeleo ni jambo zuri, nikaona nimemaliza.

Ndipo nilipofungua daftari la Fundi. Sitajitetea, lakini nitasema jinsi nilivyojitetea wakati ule, kwa kuwa ni kichekesho. Nilijiambia kwamba maneno yale ni mazuri mno kupotelea midomoni mwa fundi. Nilijiambia kwamba simwibii, ninayavisha kravati tu. Nilinakili Jumapili mbili mfululizo, na kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu, niliongeza makosa machache bila kujua.

Daftari lilikuwa halina vichwa wala mistari ya kutenga. Siku moja ilifuata nyingine. Chura, simu, sumaku, Bado, yote yalikuwamo. Na katikati yake, karibu kila ukurasa, palikuwa na habari za mwanamke. Hakutajwa jina. Nilidhani ametoka katika mojawapo ya vitabu vile, bibi fulani mgonjwa wa Ulaya, mwenye mpenzi mvumilivu, na nilishangaa jinsi mwandishi wake alivyoandika kwa upole kuliko wengine wote. Mpaka sasa nakumbuka mistari mingine.

Leo nilimkuta baridi. Nikamwita mara ya kwanza, mara ya pili, akakohoa, akanyamaza. Sikumlazimisha. Niliweka mkono ubavuni mwake nikangoja.

Na pengine: Watu wanamjua kwa mwanga wake katika nyumba zao. Mimi namjua kwa sauti yake akichoka.

Na hii, ambayo niliikariri kwa moyo: Siku atakayokufa watasema giza limeingia. Hakuna atakayesema kwamba yeye amekufa.

Nikaona hapa ndipo penye mwisho wa mazungumzo yangu. Niliziweka kurasa za yule bibi nyuma kabisa, ili nimalizie kwa machozi.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa kuanzia saa kumi alasiri. Mgeni wa Bukavu alikaa mbele, na mkuu wa teritwari na mkewe, na mapadre wawili, na wasomi wote wa Kasongo katika kravati zao. Mimi nilisimama chini ya balbu isiyowaka bado. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili, chura ameruka vizuri na mgeni ametabasamu, nilipoinua macho nikamwona Fundi amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuangalia waya wa ukumbi, kama alivyofanya kila tulipokuwa na sherehe. Alikuwa na bisibisi mkononi.

Alijua kuanzia sentensi ya kwanza aliyoisikia, niliona. Hakutikisika. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anavyosikiliza injini. Ningeweza kusimama pale pale na kusema kwamba mwenye maneno haya ndiye yule, mumpishe. Yasingefika maneno kumi. Nilikuwa na miwani, kravati, sauti na ukumbi mzima, nikageuza ukurasa. Aibu ile naibeba mpaka leo, na haijapungua uzito hata kidogo.

Nilipofika kwenye simu ya waya mgeni alianza kutazama saa yake. Fundi naye alitazama jua, akaona wakati wake umekaribia, akatoka taratibu bila kugusa mlango. Mashine ilikuwa inamngoja. Kwa hiyo hakusikia lililofuata.

Lililofuata lilikuwa yule bibi. Nilianza pale alipokutwa baridi. Mgeni aliishusha saa yake. Padre mzee alivua miwani. Niliposema hakuna atakayesema kwamba yeye amekufa, mke wa mkuu wa teritwari alijipangusa macho kwa glavu, na nyuma nikasikia muuguzi wetu mkuu, mtu mgumu kabisa, akivuta kamasi. Kisha makofi. Sijawahi kupigiwa makofi ya namna ile tena, na hata yale hayakuwa yangu.

Mgeni akasimama, akasema amesoma sana maishani lakini kitabu hicho hakijui. Akauliza ni kipi. Nikasema jalada lililiwa na mchwa, na kwa mara ya kwanza jioni ile nilisema kweli. Akauliza basi angalau nimwambie mwisho wake, yule bibi alipatwa na nini. Sikujua mwisho. Nilifungua daftari palepale mezani, nikatafuta mahali nilipoishia kunakili, nikageuza ukurasa. Fundi alikuwa ameandika: Nimebadili brashi zake mbili za makaa. Nimekaza mkanda. Nimeongeza lita tatu za mafuta. Saa kumi na mbili na dakika mbili akawaka.

Nilisoma mstari ule mara mbili, kimya, mbele ya watu wote. Ndipo nilipokumbuka kwamba serikali ilimtaka aandike kila siku hali ya mashine, na kwamba yeye aliandika kazi yake na usomaji wake katika daftari moja, kwa lugha moja, ile aliyojifunza kwa waandishi wake wasio na majina. Nilikuwa nimewaliza Wazungu wa Kasongo kwa ajili ya dinamo, ambayo Kifaransa huitaja kama mwanamke. Na wakati huohuo balbu ikawaka juu ya kichwa changu.

“Alipona, Bwana,” nikasema.

Mgeni akafurahi sana. Baada ya miezi michache nilipata cheti.

Siku iliyofuata nililirudisha daftari. Fundi alikuwa anapangusa injini. Aliniambia nilisoma vizuri na sauti yangu ni nzuri, basi. Kisha akalipokea daftari lake mwenyewe kwa mgongo wa mkono kwanza. Juu ya barua hakuuliza, na mimi sikumpa habari ya kurasa zile zilizopigiwa makofi. Ningemwambia, ningekuwa nakiri kwamba mimi, msomi mwenye funguo, sikuweza kutofautisha mwanamke na mashine. Nilikaa kimya ili nisichekwe na mtu mmoja ambaye hakuwa na tabia ya kucheka watu.

Niliendelea kupita kibandani mara moja moja. Vitabu havikuonekana tena. Hali ya mashine aliiandika kwa namba: saa ngapi, lita ngapi, nukta. Nikajiambia amezeeka. Baadaye ikaletwa mashine mpya na fundi kijana, na yeye na mkewe wakarudi upande wa Kabambare, Wamaza, wakalime.

Nilimwona mara ya mwisho huko, miaka minane baada ya mazungumzo yale. Nilikuwa nimehamishiwa ofisi ya Kabambare na nilipelekwa Wamaza kwa kazi ya kuhesabu watu. Nilifika uani kwao asubuhi, nikiwa na vumbi la baiskeli mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, na mkewe anaanika mpunga. Hakuinua uso mpaka niliposema jina langu, na hapo nikaona kwamba macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Alimenya kwa kupapasa.

Alinipokea kwa furaha, akaniita Karani, akaniuliza kama bado nina miwani. Nikasema siku hizi ninayo ya kweli. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeupanga njiani kutoka Kabambare, wenye utangulizi na sehemu tatu. Hakuungojea. Akasema kuna jambo alitaka kuniuliza siku nyingi. Siku ile alitoka kabla ya mwisho, mashine haingoji, na hakujua watu walipokeaje. Walicheka kwa chura? Nikasema walitabasamu. Na simu ya waya, ambayo aliifikiria miaka miwili? Nikamwambia kweli, mgeni alitazama saa.

“Sasa makofi ilikuwa wapi?” akauliza. “Nilikuwa kule kwa mashini, nilisikia makofi mingi sana.”

“Ilikuwa kwa kurasa zako za mashini, Baba,” nikasema. “Nilizisoma zote. Sikujua ni mashini. Nilizani ni mwanamuke wa kitabu.”

Kisu kikasimama. Akasema ile haikuwa kitabu, ilikuwa kazi tu, alikuwa anaandika kazi yake. Nikasema najua, na kwamba ndiyo pekee waliyoipenda. Nikamweleza padre aliyevua miwani, na muuguzi, na mke wa mkuu wa teritwari na glavu yake. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande. Mkewe alikuwa ameacha mpunga na amesimama.

“Miye nilizani walipigia makofi wale wa vitabu,” akasema mwishowe, polepole. “Nikaona maneno yangu haina kitu. Nikaacha kuandika vile.”

Mkewe ndiye aliyesema, na aliniambia mimi, bila kupandisha sauti.

“Haoni tena hata mustari,” akasema. “Ungemuambia zamani.”

Kisha akarudi kwenye mpunga wake. Fundi alinyosha mkono mpaka akapata goti langu, akalishika.

“Umuache,” akasema. “Ile ya bibi wa glavu, mwenye kulia, hebu uirudilie.”

Nikairudia. Aliyafumba yale macho, akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudie tena.